Bendera ya mzamiaji: nani anaisoma?

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya mapumziko nchini Qatar, maji yaliyo mbele ya mji mkuu Doha hujaa vyombo vya kila aina. Yapo majahazi ya mbao yaliyotia nanga kando ya barabara ya Corniche, mashua za wavuvi, boti za kifahari na pikipiki za majini zinazopita kwa kasi.

Katika pwani hiyo hiyo, hasa upande wa kusini kuelekea Mesaieed, huwapo pia watu ambao hakuna nahodha anayewaona. Hao ni wazamiaji, wanaoshuka kutazama samaki na miamba, na ambao sharti warudi juu baada ya muda.

Anayeulizwa juu ya hatari za kuzamia aghalabu hutaja papa. Lakini iko hatari nyingine, ya karibu zaidi na isiyosimuliwa sana: rafadha, au propela kama wavuvi wanavyoiita, ya boti ambayo nahodha wake hakujua kwamba chini yake kuna mtu.

Je, nahodha huyo angejuaje? Na mzamiaji afanye nini ili aonekane kabla hajatoa kichwa juu ya maji? Maswali hayo yana majibu. Hata hivyo, hakuna jibu linalofaa ikiwa upande mmoja tu ndio unaolifahamu.

Kamba ya lulu

Qatar inaijua kazi ya kuzamia tangu zamani. Kabla ya mafuta na gesi, uchumi wake ulitegemea lulu, na hadi leo sanamu ya chaza aliyefunguka, akiwa na lulu yake ndani, imesimama kando ya Corniche mjini Doha.

Msimu mkubwa wa lulu ulikuwa wakati wa joto, takriban kuanzia mwezi Mei au Juni hadi Septemba. Majahazi yalitia nanga juu ya vitanda vya chaza, na wazamiaji wakashuka kwa pumzi moja, pua zikiwa zimebanwa kwa kibanio na jiwe likiwavuta kwenda chini.

Kila mzamiaji alikuwa na mwenzake juu ya chombo, mvutaji, ambaye kwa Kiarabu aliitwa saib. Baina yao palikuwa na kamba. Pumzi ilipokaribia kwisha, mzamiaji aliitikisa kamba ile, na mvutaji akampandisha juu upesi.

Baadhi ya watu waliofanya kazi hiyo walitoka Afrika Mashariki, na hawakwenda kwa hiari yao. Mwanahistoria Matthew Hopper ameeleza jinsi biashara ya lulu na ya tende ilivyowafanya Waafrika wengi kuwa watumwa katika nchi za Ghuba mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Historia hiyo inaonyeshwa leo katika jumba la Bin Jelmood, moja ya makumbusho ya mtaa wa Msheireb katikati ya Doha, yaliyofunguliwa mwaka 2015. Utumwa ulipigwa marufuku nchini Qatar mwaka 1952.

Wakati huo biashara ya lulu ilikuwa imekwisha kuporomoka. Lulu za kupandwa kutoka Japani na mtikisiko wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930 viliiangusha, na mwaka 1949 Qatar ilianza kuuza mafuta yake nje.

Kamba ile ilikuwa ya kazi na, kwa wengine, ilikuwa ya utumwa pia. Lakini ilitimiza jambo moja ambalo wazamiaji wa leo wanalihitaji: mtu wa juu alijua wakati wote mahali alipo mtu wa chini.

Mzamiaji wa leo hana kamba. Anabeba hewa yake mgongoni ndani ya mtungi, na anaweza kukaa chini karibu saa nzima na kuibukia mahali palipo mbali na aliposhukia. Amepata uhuru ambao wazee wa lulu hawakuwa nao, lakini pia amepotea machoni pa walio juu.

Sekunde 33

Ili kuielewa hatari yenyewe, inafaa kutazama hesabu ndogo.

Wazamiaji hufundishwa kupanda polepole, kiasi cha mita tisa kwa dakika, ili gesi iliyoingia mwilini itoke bila kuleta madhara. Wengi husimama pia kwa dakika tatu katika kina cha mita tano kabla ya kumalizia safari.

Kwa mwendo huo, mita tano za mwisho huchukua takriban sekunde 33. Boti inayokwenda maili 20 za baharini kwa saa, sawa na kilomita 37, hukata zaidi ya mita 10 kwa kila sekunde. Katika sekunde 33 itakuwa imekwenda kiasi cha mita 340.

Maana yake ni kwamba boti iliyokuwa mbali zaidi ya urefu wa viwanja vitatu vya mpira, wakati mzamiaji anaanza kupanda, inaweza kuwa juu ya kichwa chake anapofika.

Huenda msomaji akauliza: kwani mzamiaji hasikii mngurumo wa injini? Anausikia, tena vizuri mno. Tatizo ni kwamba sauti ndani ya maji husafiri kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.

Akili ya binadamu hutambua upande sauti inakotoka kwa kulinganisha muda inaofika katika sikio la kulia na la kushoto. Majini tofauti hiyo huwa ndogo mno. Mzamiaji husikia kwamba boti ipo, lakini hawezi kusema kama iko mashariki au magharibi, wala kama inakuja au inaondoka.

Na nahodha je? Naye ana udhuru wake. Kichwa cha mtu juu ya maji ni kitu kidogo, na suti nyingi za kuzamia ni nyeusi. Kwa mbali kichwa hicho hakina tofauti na kifuu cha nazi kinachoelea, na wimbi la nusu mita linatosha kukificha.

Boti inapoongeza kasi huinua omo yake, na aliyeshika usukani hupoteza sehemu ya maji yaliyo mbele yake. Katika Ghuba huongezeka mng'ao wa jua lililo chini asubuhi na jioni, na ukungu wa vumbi upepo unapovuma kutoka jangwani.

Wala rada haisaidii sana. Mwili wa mtu na boya la mpira lililojazwa hewa huakisi mawimbi ya rada kwa kiasi kidogo tu.

Bendera mbili, maana mbili

Jibu la kwanza la mabaharia lilikuwa bendera. Kwa bahati mbaya, dunia ina bendera mbili za wazamiaji, na hazina maana moja.

Ya kwanza ni bendera ya herufi A katika mfumo wa kimataifa wa ishara za baharini. Nusu yake iliyo upande wa mlingoti ni nyeupe, na nusu nyingine ni buluu, iliyokatwa mwishoni mfano wa mkia wa mbayuwayu. Maana yake ni kwamba chombo kinachoipeperusha kina mzamiaji chini, na vyombo vingine vikae mbali na viende polepole.

Ya pili ni nyekundu yenye mstari mweupe unaokatiza kutoka pembe ya juu upande wa mlingoti hadi pembe ya chini upande wa pili. Hii ilianzia Marekani, katika jimbo la Michigan, katika miaka ya 1950, na ndiyo inayoonekana zaidi katika maduka ya vifaa vya kuzamia na fulana za watalii.

Tofauti yake kwa ufupi ni hii: bendera ya buluu na nyeupe huzungumzia chombo, kwamba hakiwezi kujiondosha njiani kwa sababu ya kazi ya kuzamia. Ile nyekundu humzungumzia mtu, kwamba yuko mahali hapa, chini ya maji.

Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika Julai 15 mwaka 1977, zinaitambua ya kwanza. Chombo kidogo kinachotumika kwa uzamiaji, ambacho hakiwezi kubeba taa na alama zote za vyombo vikubwa, lazima kionyeshe mfano mgumu wa bendera A, wenye urefu usiopungua mita moja kwenda juu, unaoonekana kutoka pande zote.

Neno "mgumu" lina sababu. Bendera ya kitambaa hulala upepo unapotulia, na upepo unapovuma huelekea upande mmoja, hivyo anayetazama kutoka mbele huona ukingo tu. Ubao au bati lililopakwa rangi halilali.

Usiku chombo hicho huonyesha taa tatu zilizopangwa wima: nyekundu juu, nyeupe katikati, nyekundu chini.

Sheria hizo zina kifungu kingine kinachostahili kukumbukwa. Vyombo vyenye urefu wa chini ya mita 12 vimesamehewa kuonyesha taa na alama za chombo kisichoweza kugeuka kwa urahisi, isipokuwa vile vinavyofanya kazi ya uzamiaji. Udogo wa boti si kisingizio pale ambapo maisha ya mtu yako chini yake.

Kuhusu umbali ambao boti nyingine zinapaswa kukaa, kila nchi hujiwekea kanuni zake. Mfano unaotajwa mara nyingi ni jimbo la Florida nchini Marekani: futi 300, takriban mita 90, katika maji ya wazi, na futi 100, kiasi cha mita 30, katika mito na njia nyembamba. Anayelazimika kupita karibu zaidi ya hapo hupunguza mwendo hadi ule wa chini kabisa.

Florida pia imekataza bendera hiyo kubaki juu wakati hakuna mtu majini. Boti inayopeperusha bendera mwaka mzima kama pambo huwafundisha manahodha kuipuuza, na siku ya haja hakuna atakayeiamini.

Boya na uzi

Bendera iliyo juu ya boti huonyesha boti ilipo. Je, kama mzamiaji amechukuliwa na mkondo mita 200 mbali nayo?

Hapo ndipo boya linapohitajika. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuvuta boya dogo lenye bendera muda wote wa kuzamia, likifuata juu kama kishada kinavyomfuata mtoto. Njia hii hufaa katika maji yasiyo na kina kirefu, na sehemu kubwa ya maji ya Qatar ni ya namna hiyo. Ghuba yote ina wastani wa kina cha kiasi cha mita 35 tu.

Njia ya pili ni kubeba boya lililokunjwa mfukoni na kulipandisha kabla ya kuanza kupanda. Ni mfuko mrefu mwembamba, wa rangi ya machungwa au ya manjano, ambao hujazwa hewa kidogo na kuachiwa uende juu huku ukifungua uzi kutoka katika kigurudumu. Ukifika juu husimama wima kama mnara mdogo.

Hewa inayohitajika si nyingi. Katika kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji, hivyo hewa iliyojaza nusu ya mfuko hapo chini huujaza wote unapofika juu.

Kazi hiyo ina hatari yake. Mzamiaji aliyejifungia kigurudumu mwilini anaweza kuvutwa juu kwa ghafla uzi ukikwama, na kupanda kwa ghafla kunaweza kupasua mapafu. Ndiyo maana wakufunzi husisitiza kigurudumu kishikwe kwa mkono, ili kiweze kuachwa, na kazi hiyo ifanyiwe mazoezi mahali salama kabla ya kuhitajika.

Faida yake ni muda. Boya likiwa juu kabla ya ile dakika tatu ya kusubiri katika mita tano, nahodha hupata dakika kadhaa za kuliona na kugeuza, badala ya sekunde chache za kukutana na kichwa kilichochomoza.

Rangi ipi inaonekana?

Jicho la binadamu mchana huitikia zaidi rangi iliyo kati ya manjano na kijani. Ndiyo sababu jaketi za mafundi wa barabara huwa za rangi hiyo inayong'aa. Baharini rangi ya machungwa hufaa pia, kwa kuwa hutofautiana sana na buluu na kijani cha maji.

Boya jeupe hupotea katika povu la mawimbi. Nyekundu ya kawaida huonekana vyema mchana, lakini giza linapoanza kuingia huwa ya kwanza kugeuka nyeusi machoni.

Usiku rangi hazina kazi kubwa. Kinachosaidia ni taa inayomweka juu ya boya, tochi iliyoelekezwa kwenye boya ili ling'ae kwa ndani, na utepe unaoakisi mwanga wa boti. Mchana wa jua kali, kioo kidogo huweza kupeleka mmweko hadi mbali sana, na kipenga husaidia injini zinapozimwa.

Hata hivyo, boya linaweza kufasiriwa vibaya. Wavuvi wa Ghuba hutega samaki kwa mitego ya waya iitwayo gargoor, ambayo ni binamu wa dema ya pwani ya Afrika Mashariki, na huitia alama kwa maboya. Nahodha aliyezoea kupita kando ya maboya ya mitego mia moja huweza kudhani kwamba la mia na moja ni mtego pia. Bendera iliyochomekwa juu ya boya ndiyo inayotenganisha mtego na mtu.

Ajali ya Cozumel

Desemba 18 mwaka 2000, mwimbaji wa Uingereza Kirsty MacColl alikuwa akizamia na wanawe wawili katika kisiwa cha Cozumel nchini Mexico. Walipokuwa wakiibuka, boti iliyokwenda kwa kasi iliingia katika eneo hilo, ambalo lilikuwa limetengwa kwa ajili ya wazamiaji. MacColl alipigwa na kufariki dunia papo hapo. Wanawe walinusurika.

Mama yake aliendesha kampeni ya kudai haki hadi mwaka 2009. Kisa hicho kilibaki kuwa funzo miongoni mwa wazamiaji: eneo kutengwa kwenye ramani hakutoshi, ikiwa aliyeshika usukani hajui mipaka yake au haijali.

Kwa hiyo nusu ya jibu iko upande wa nahodha. Sheria za mwaka 1972 zinamtaka kila nahodha aweke ulinzi wa macho na masikio wakati wote, na aende kwa mwendo unaomwezesha kusimama kwa wakati. Hazimsamehi kwa sababu bendera ilikuwa ndogo.

Anayeona bendera yoyote kati ya hizo mbili, au boya refu lililosimama wima, apunguze mwendo, apite mbali na atafute vichwa majini. Wazamiaji mara chache huwa peke yao. Anapoonekana mmoja, mwenzake yu karibu.

Na nahodha wa boti iliyowaleta wazamiaji haachi chombo bila mtu. Mmoja hubaki juu akihesabu walioshuka, akifuata mapovu na maboya, na akizionya boti nyingine kwa honi au redio. Kwa dharura, chaneli ya 16 ya redio za baharini husikilizwa duniani kote.

Dumu la manjano

Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, jambo hili si la watalii peke yao. Ni kweli kwamba wageni huzamia Watamu, Mnemba, Mafia na katika mkondo wa Pemba, na wengi wao huwa na boya. Lakini wako pia vijana wanaoshuka kila siku kutafuta pweza na majongoo bahari, wakiwa na miwani ya maji tu, huku boti za injini zikipita juu yao.

Kijana huyo hana bendera ya dukani, na pengine nahodha anayepita hakuwahi kufundishwa maana ya bendera A. Lakini anaweza kuwa na dumu tupu la manjano la mafuta ya kupikia, jiwe la kulisimamisha, ufito wa mita moja, na kipande cha kitambaa chekundu chenye mstari mweupe kilichoshonewa waya ili kisilale. Gharama yake ni ndogo kuliko ya nyavu.

Kisha kinabaki kile ambacho hakiuzwi popote, nacho ni makubaliano. Dumu hilo litakuwa alama siku ile manahodha wa bandari hiyo watakapokaa na wazamiaji wake na kuafikiana kwamba penye kitambaa hicho pana mtu, na kwamba kitambaa hicho hakisimamishwi pasipo na mtu.

Katika majahazi ya lulu ya Doha, makubaliano hayo yalipita ndani ya kamba moja, baina ya mkono uliotikisa na mkono uliosubiri. Kamba imetoweka, lakini aliye chini bado anamhitaji mtu wa juu anayeisubiri ishara yake.